Kwa Nini Wakatoliki Hupiga Magoti Kwenye Kaburi la Padri?

Anayeitwa semina Dodoma hakawii kulisikia jina la Gaspar, maana ukumbi wa St. Gaspar hapa mjini unajulikana na watumishi wa kila wizara. Ukipanda treni ya Reli ya Kati kuelekea Tabora, ukaipita Manyoni, unafika Itigi, na hospitali ya pale nayo inaitwa Mtakatifu Gaspar. Jina tunalitaja kila siku, kama tunavyotaja majina ya mitaa. Ila mwenye jina alikuwa mtu, padri wa Roma, na kaburi lake lipo hadi leo ndani ya kanisa dogo zuri sana.

Ndugu yetu mmoja alikwenda hija huko, akatuma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: yeye mwenyewe kapiga magoti mbele ya kaburi hilo, mikono imekunjwa, macho yamefumbwa. Ukoo wetu, kama koo nyingi za hapa Dodoma, nusu ni Wakatoliki na nusu ni Waanglikana. Shangazi yangu wa Mvumi, Mwanglikana tangu ubatizo, akaniandikia pembeni: "Mwanangu, huyo aliyezikwa hapo si binadamu kama sisi? Mbona mnampigia magoti?"

Shangazi hakuuliza kwa ubaya, na swali lake linastahili jibu lililonyooka.

Nianze na lugha, kwa sababu Kiswahili kimelibeba jibu hilo kwa namna ambayo hata sisi wenyewe hatuitambui. Kwenye Litania ya Watakatifu, sala ya kuitikizana ambayo tunaiimba usiku wa Pasaka na siku ya kuwapa watu upadrisho, sikiliza viitikio. Anapotajwa Mungu, watu huitika "utuhurumie." Anapotajwa Maria, Petro au Karoli Lwanga, shahidi wa Uganda, kiitikio hubadilika: "utuombee." Hakuna anayemwambia Petro atuhurumie. Silabi moja tu ndiyo inayotenganisha kuomba na kuombea, lakini umbali uliopo kati yake ni kama wa mbingu na nchi. Mungu ndiye anayeombwa. Mtakatifu ni mwombaji mwenzetu, anaombwa atie neno.

Kwenye jumuiya ndogondogo tunafanya hivyo kila wiki. Mama anayekwenda kufanyiwa upasuaji kesho huwaambia wenzake, "Mniombee." Hakuna atakayesema kawageuza majirani zake kuwa miungu. Imani ya Kikatoliki inachoongeza ni hiki: jirani yule akifa katika urafiki na Mungu, hatoki kwenye jumuiya. Katika Nasadiki, yaani kanuni ya imani, tunatamka "ushirika wa watakatifu," na maana yake ni hiyo, kwamba walio hai na waliotangulia ni familia moja na bado wanaombeana. Ndugu zetu Waanglikana wanaikiri Nasadiki hiyohiyo, ila wengi wao hawafikishi maneno hayo hadi kwenye kuwaomba waliokufa. Wanatukumbusha kwamba mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo, kama Paulo alivyomwandikia Timotheo. Neno hilo ni la kweli na Kanisa Katoliki linalikiri. Ombi la mtakatifu, kama ombi la mama jirani, hupitia kwa Kristo huyohuyo.

Lakini kwa nini basi kaburi? Kama Gaspar yuko mbinguni, mtu si angemwomba amwombee akiwa jikoni kwake Chang'ombe?

Anaweza, na wengi hufanya hivyo. Kaburi lina sababu yake, nayo imo kwenye Nasadiki hiyohiyo mistari michache mbele, panaposemwa habari ya ufufuko wa mwili. Mkristo haamini kwamba mwili ni ganda linalotupwa roho ikishatoka. Mikono iliyobatiza na miguu iliyotembea kwenda kwa wagonjwa vitafufuka. Kwa hiyo mahali ilipolazwa panatunzwa kwa heshima. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 13, maiti iliyotupwa haraka kwenye kaburi la Elisha iligusa mifupa ya nabii, na mtu yule akafufuka. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, leso zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Mwandishi wa Matendo anasema wazi kwamba aliyetenda hayo ni Mungu, kwa mikono ya Paulo.

Wakristo wa kwanza waliishi hivyohivyo. Katikati ya karne ya 2, Askofu Polikarpo wa Smirna, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliuawa kwa ajili ya imani. Waumini wake waliandika kwamba waliokota mifupa yake wakiihesabu kuwa na thamani kuliko vito, wakaizika mahali pafaapo, wapate kukusanyika hapo kila mwaka kuadhimisha siku ya kifo chake, ambayo wao waliiita siku ya kuzaliwa. Baadaye makanisa yalianza kujengwa juu ya makaburi ya mashahidi. Basilika la Mtakatifu Petro la Vatikani lipo pale lilipo kwa sababu ya kaburi la Petro. Mwaka 787 Mtaguso wa Pili wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza kwamba kanisa lisitabarukiwe bila masalia ya watakatifu, yaani mabaki ya miili yao, na desturi ya kuweka masalia chini ya altare bado inahifadhiwa. Watanzania wanaopanda basi kwenda Namugongo, Uganda, kila mwaka kwa ajili ya tarehe 3 Juni wanafuata njia hiyo ya zamani: altare imejengwa pale alipochomwa moto Karoli Lwanga.

Hapa kuna jambo ambalo Wakatoliki wengi hawalijui. Sheria za Kanisa zenyewe, katika kanuni ya 1242, zinakataza kuzika watu ndani ya kanisa, isipokuwa Baba Mtakatifu, makardinali na maaskofu wa jimbo, nao katika kanisa lao. Padri wa kawaida huzikwa nje, makaburini, pamoja na watu wake. Kwa hiyo ukikuta kaburi la padri kanisani, na kanisa lenyewe si la kale mno, jua kuna habari. Mara nyingi alizikwa kwanza kwingine, watu wakaendelea kumjia, kisha baada ya uchunguzi mrefu mwili ukahamishwa. Padre Pio wa Italia alifariki mwaka 1968, akatangazwa mtakatifu mwaka 2002, na mwaka 2010 mwili wake ukahamishiwa kwenye kanisa jipya kubwa hukohuko San Giovanni Rotondo.

Gaspar naye hakuzikwa mara moja pale alipo sasa. Alizaliwa Roma tarehe 6 Januari 1786, siku ya Epifania, ndiyo maana wazazi walimpa majina ya Mamajusi wote watatu: Gaspar, Melkiori na Baltazari. Baba yake alikuwa mpishi katika nyumba ya kabaila. Alipokuwa mtoto mchanga alipatwa na ugonjwa uliomshambulia macho, ikahofiwa atakuwa kipofu. Mama yake akamkimbilia Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ambaye masalia ya mkono wake yanatunzwa katika Kanisa la Yesu, jirani kabisa na nyumbani kwao. Mtoto akapona. Mimi kila nikilifikiria hili huona maisha yote ya padri huyu yalianzia kwenye magoti ya mama mbele ya masalia ya padri mwingine. Alipokuja kuanzisha shirika lake, alimchagua Ksaveri kuwa msimamizi.

Alipata upadre mwaka 1808. Mwaka uliofuata majeshi ya Napoleon yalimchukua Papa Pius wa Saba, na mwaka 1810 mapadri wa Roma wakatakiwa kula kiapo cha utii kwa mfalme huyo. Gaspar, kijana wa miaka 24, alijibu kwamba hapaswi, hawezi na hataki. Akapelekwa uhamishoni na kufungwa, hadi Napoleon alipoanguka mwaka 1814. Tarehe 15 Agosti 1815 alianzisha shirika la Wamisionari wa Damu Azizi. Papa alimtuma kuhubiri hata kwenye milima ya kusini mwa Roma iliyojaa majambazi, na mji wa Sonnino ulipoamriwa ubomolewe kwa sababu ya majambazi hao, yeye alipinga. Aliona dawa ni kuwapelekea wamisionari wakaishi katikati yao.

Alifariki tarehe 28 Desemba 1837, akazikwa Albano, nje ya Roma. Mwaka 1861 masalia yake yakahamishiwa kanisa la Santa Maria in Trivio. Alitangazwa mwenyeheri, hatua ya kabla ya utakatifu, mwaka 1904, na mtakatifu mwaka 1954. Kutoka kaburi la kwanza hadi utakatifu ni miaka 117.

Kanisa lenyewe liko hatua chache kutoka Chemchemi ya Trevi, ile ambayo wageni wa dunia nzima huitupia sarafu. (Sarafu hizo hukusanywa na kupewa Caritas ya Roma kwa ajili ya maskini, jambo jema.) Wengi hupiga picha zao wakaondoka bila kujua kwamba nyuma ya kelele zile kuna mlango wa kanisa. Ndani, ukiinua macho, dari nzima ni michoro ya Antonio Gherardi ya karne ya 17, yenye habari za maisha ya Bikira Maria. Mapokeo yanasema kanisa la kwanza mahali hapo lilijengwa katika karne ya 6 na jemadari Belisario, kwa toba, baada ya kumwondoa madarakani Papa Silverio. Napenda kwamba padri aliyewaita majambazi watubu analala katika kanisa lililozaliwa na toba ya mwanajeshi.

Na wana-Dodoma wana kaburi la pili Roma. Kanisa kuu letu linaitwa la Mtakatifu Paulo wa Msalaba kwa sababu watawa Wapasionisti ndio waliokabidhiwa utume wa Dodoma miaka ya 1930, na yeye ndiye mwanzilishi wao. Alifariki mwaka 1775, na amelazwa katika Basilika la Watakatifu Yohane na Paulo, juu ya kilima cha Celio.

Sasa nirudi kwenye magoti, maana hapo ndipo shangazi alipokwama. Kanisa linatofautisha kuabudu na kuheshimu. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake, na anayemwabudu mtakatifu ametenda dhambi, awe amepiga magoti au amesimama wima. Magoti peke yake hayaamui. Kwetu Ugogoni mtoto hupiga goti kumsalimia mkubwa, na hakuna anayedhani kamfanya Mungu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maaskofu wafundishe heshima hiyo na wakati huohuo waondoe ushirikina na tamaa ya fedha kwenye masalia. Onyo hilo lina kazi hadi leo. Mtu anayechota udongo wa kaburi kama dawa ya kupata cheo, au anayeuza mafuta akidai yametoka kwa mtakatifu fulani, haendi na Kanisa. Aende akaungame.

Ipo pia breki nyingine, na kwangu ndiyo inayofafanua jambo lote. Padri mwema akifa leo, hata kama parokia nzima inaamini yuko mbinguni, Misa inayosomwa ni ya kumwombea yeye: "Raha ya milele umpe, ee Bwana." Anayetaka kumwambia kimyakimya "niombee" anaruhusiwa, ni sala yake binafsi. Lakini jina lake halitaingia kwenye litania, na picha yake haitachorwa na duara la mwanga kichwani. Tangu Papa Urbano wa Nane, karne ya 17, ibada ya hadhara kabla ya hukumu ya Kanisa imekatazwa. Kwa kawaida hungojewa miaka 5 kabla mchakato haujafunguliwa, kisha maisha yake huchunguzwa, na ikiwa hakufa shahidi, muujiza hudaiwa kabla ya kumtangaza mwenyeheri, na mwingine kabla ya kumtangaza mtakatifu. Mwalimu Nyerere yuko kwenye njia hiyo, anaitwa Mtumishi wa Mungu. Wanaokwenda kusali kwenye kaburi lake Butiama hawawezi bado kumwita mtakatifu ndani ya Misa.

Yaani siku Kanisa linapomtangaza mtu mwenyeheri, sala za hadhara hugeuka uelekeo. Jana tulimwombea, leo yeye anatuombea.

Nilimweleza shangazi haya yote kwa simu, jioni moja, kwa muda mrefu kuliko salio langu lilivyoruhusu, ikabidi yeye anipigie. Alinyamaza kidogo. Akasema wao wangeendelea kumwomba Mungu moja kwa moja, ila sasa ameelewa ndugu yetu alikuwa anafanya nini pale kwenye picha. Kisha akauliza tena:

"Na yule padri mzee, aliyetusaidia wakati wa njaa, aliyezikwa pale misheni? Yeye ninyi mnamwombea au anawaombea?"

"Bado tunamwombea, shangazi. Tarehe 2 Novemba tutakwenda kupalilia kaburi lake na kuwasha mshumaa."

"Basi mnipitie," akasema. "Kupalilia naweza."