Mti usiofika kifundo cha mguu: tunayodhani na yaliyo kweli kuhusu mwerebi kibeti

"Tundra haina miti." Ndivyo wengi tulivyokariri shuleni, na kama mti ni kitu cha kuegemea au kukaa kivulini mwake, kauli hiyo haina kosa kubwa. Lakini katika nyanda hizo za baridi za kaskazini ya mbali, katikati ya mawe, pale theluji inapochelewa kuyeyuka, kuna mierebi, ndugu wa ile inayorefuka kandokando ya mito. Mmoja wao, Salix herbacea, kwa kawaida huinuka sentimita 1 hadi 6 tu. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi aliyesafiri Lapland, kaskazini mwa Skandinavia, mwaka 1732, aliuita mdogo kuliko miti yote. Mti, si nyasi: shina lake ni la mbao, ila sehemu kubwa imejificha udongoni. Ukiinama utaona majani mawili matatu ya duara, yanayong'aa, mapana kama ukucha wa kidole gumba.

Kwa kuwa ni mfupi, watu hudhani bado ni mchanga. Mwerebi wa Aktiki, Salix arctica, umefika kaskazini kabisa mwa Greenland, na mmoja wa mashariki mwa Greenland ulipohesabiwa pete za shina lake, moja kwa kila mwaka, ulikutwa na umri wa miaka 236. Pete hizo ni nyembamba mno, hata huhitaji darubini kuzisoma. Kishina unachoweza kukizungushia vidole viwili huenda kiliota kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile ya kuuhurumia: eti baridi imeudumaza, na ungepelekwa penye joto ungerefuka. Haurefuki. Ufupi umo katika mbegu yake, na una kazi. Siku ya jua, udongo mweusi hupata joto, na hewa iliyo karibu nao huwa na joto kuliko ile ya kimo cha kiuno cha mtu. Upepo nao hupungua nguvu kadiri unavyokaribia ardhi. Mti uliolala chini unaishi katika hali ya hewa tofauti na ile tunayoisikia sisi tuliosimama. Kipupwe kikifika, theluji huufunika kama blanketi, huku tawi lolote linalochomoza juu likikaushwa na upepo na kukwanguliwa na chembe za barafu. Kwa hiyo mimi siuoni mmea ulioshindwa kukua. Umekaa pale palipo na joto.

Je, si baridi kali ya kipupwe inayoizuia miti mirefu? Hapana, si hasa. Mwaka 1960 mtafiti Sakai alionyesha kwamba vijiti vya mwerebi vilivyogandishwa polepole kwanza vinaweza kutumbukizwa katika naitrojeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na bado vikawa hai. Siri ni kwamba maji hutoka ndani ya seli na kugandia nje yake, ambako hayapasui kitu. Kinachoikosesha miti mirefu nafasi ni uhaba wa joto la kiangazi: pale ambapo wastani wa mwezi wenye joto zaidi hauzidi nyuzi 10 hivi, misitu hukoma.

Wengine hudhani maua yake ni ya upepo tu. Upepo husaidia, lakini wadudu pia huyafuata. Shada la maua la mwerebi wa Aktiki limevikwa nywele za fedha zinazonasa joto la jua, hata ndani yake huwa na joto kuliko hewa inayolizunguka. Miti ya kiume na ya kike ni mbalimbali. Majani nayo huliwa na sungura wa Aktiki, kulungu wa kaskazini na viwavi.

Basi dunia ikipata joto, si mierebi hii itaneemeka? Vichaka virefu, ndiyo. Picha za angani zilizopigwa kaskazini mwa Alaska miaka ya 1940, zikiwekwa kando ya zile za karibuni, zinaonyesha vichaka vikiongezeka. Lakini kichaka kirefu hutupa kivuli, na mti wa sentimita 5 hauna pa kukimbilia. Tena theluji ikiyeyuka mapema, Salix herbacea huchipua mapema, na jalidi ya usiku hukuta machipukizi yake yakiwa wazi, bila blanketi.