Ngoma za Asili Zina Wenyewe

Malalamiko ya vikundi vya ngoma vijijini yameongezeka. Mtayarishaji anafika na simu, anarekodi, anaondoka, kisha wapigaji wanajisikia redioni. Tunaamini wengi hawana nia mbaya: wanatafuta sauti ambayo msikilizaji ataitambua mara moja kuwa ni ya Uganda. Sauti hiyo ipo, ila haipatikani kwa kubandika mlio wa ngoma juu ya kinanda.

Chukua bigwala ya Busoga, mashariki mwa Uganda. Ni tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, na kila moja hutoa noti moja tu. Wimbo huzaliwa kwa kupokezana. UNESCO ilipoiorodhesha mwaka 2012 kuwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, mafundi wazee walikuwa wamebaki wanne. Mbegu ya vibuyu virefu ikiisha shambani, hakuna kompyuta itakayoirudisha. Embaire nayo, marimba ya Busoga, ni vibao vya mbao, mara nyingi vya mti wa musambya, vilivyolazwa juu ya vigogo vya migomba. Wapigaji wa kijiji cha Nakibembe huchimba shimo chini yake, ardhi ikuze mlio. Hatua zake tano ndani ya okteva (umbali wa kutoka noti moja hadi noti hiyohiyo ya juu) zinakaribia kulingana, jambo lisilowezekana kwenye kinanda cha kawaida. Kwa hiyo tunarudia, na tumechoka kurudia: marimba hayo hayajakosea sauti, hata kama sikio lililozoea kinanda hudhani hivyo. Msiyanyooshe studio ili yafanane na kinanda.

Dhana nyingine ya kuachwa ni kwamba cha asili hakina mwenyewe. Kabla ya kurekodi, zungumza na kiongozi wa kikundi, kisha andikeni makubaliano: majina ya wapigaji wote, kijiji, tarehe, rekodi itatumika wapi (redio, tangazo, filamu), malipo na mgawo wake. Wekeni sahihi mbele ya shahidi. Asiyeandika aweke dole gumba. Nakala moja ibaki kijijini. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya 2006 inamlinda mpigaji pamoja na mtunzi. Kusajili kazi URSB, ofisi ya serikali ya usajili, si sharti la kupata haki, lakini husaidia ushahidi. Kwa mkiukaji, sheria hiyo ilipotungwa iliweka faini isiyozidi pointi 100 za sarafu (kipimo cha faini katika sheria za Uganda), yaani shilingi milioni 2, au kifungo kisichozidi miaka minne, au vyote viwili.

Shule zenye bustani zinaweza kuanza na vibuyu msimu huu, mbegu zikiombwa kwa wapigaji wenyewe. Musambya upandwe sasa pia, maana mti wa kutoa vibao huchukua miaka mingi kukomaa.