Oksijeni ya kasi puani: maswali ya ndugu wa mgonjwa mahututi

Mgonjwa wenu yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Puani amewekewa mirija minene kuliko mliyoizoea, na pembeni kuna mashine inayovuma bila kukoma. Haya ndiyo maswali ambayo ndugu huuliza mara nyingi.

Si oksijeni ileile? Kuna tofauti gani?

Oksijeni ni ileile, tofauti ni kasi. Mirija ya kawaida hutoa lita 1 hadi 6 kwa dakika, na barakoa yenye mfuko hufika lita 15 hivi. Sasa, mtu anayehema kwa shida huvuta hewa kwa kasi ya lita 30 hadi 60 kwa dakika, pengine zaidi. Upungufu huo huujazia kwa hewa ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21 tu, na ile aliyopewa inazimuliwa kabla haijafika mapafuni. Mashine hii hupeleka hadi lita 60 kwa dakika, na daktari hupanga kiwango cha oksijeni kuanzia asilimia 21 mpaka 100.

Kuna faida nyingine isiyoonekana. Kila tukitoa pumzi, pua na koo hubaki na hewa iliyokwisha kutumika, yenye kabonidioksidi, na pumzi inayofuata huanza kwa kuivuta hiyohiyo. Mkondo wa kasi huifagia. Vilevile huacha shinikizo dogo linalosaidia vifuko vya mapafu visinywee. Ni dogo kweli, na hupungua mgonjwa akiachama mdomo.

Upepo wote huo haumuumizi?

Ungekuwa mkavu na baridi asingeuvumilia hata dakika chache. Ndiyo maana mashine ina chombo cha maji: hewa hupashwa joto hadi nyuzi 37 hivi na kushibishwa mvuke, makohozi yakabaki laini na akaweza kuyakohoa. Mkiona maji yamejikusanya ndani ya mrija, msiunyanyue juu ya usawa wa pua yake, yatamwingia. Mwiteni muuguzi. Na maji ya chombo yakipungua msiongeze ya bomba, yanayotumika ni maji maalumu yasiyo na vijidudu.

Kwa nini asiwekwe moja kwa moja kwenye mashine ya kupumulia?

Kwa sababu kuingizwa mrija kooni kuna hatari zake: dawa za usingizi, maambukizi ya mapafu, misuli kudhoofika. Ikiwa tatizo ni nimonia na mgonjwa bado ana fahamu na nguvu ya kuhema, oksijeni ya kasi humpa muda dawa zifanye kazi. Lakini kama mapafu yamejaa maji kwa sababu ya moyo, au kabonidioksidi imempanda, mara nyingi barakoa ya kubana yenye shinikizo humfaa zaidi.

Utafiti uliotolewa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 310 nchini Ufaransa na Ubelgiji, haukuthibitisha kwamba njia hii hupunguza idadi ya wanaoishia kuwekewa mrija kooni, ingawa waliopewa oksijeni ya kasi walikufa wachache zaidi ndani ya siku 90. Tafiti nyingine hazikuona punguzo hilo la vifo. Kwa hiyo ni msaada mzuri, si muujiza.

Kipimo cha kidoleni kinasoma 92. Si anaendelea vizuri?

Hapa ndipo watu hudanganyika, na si ndugu peke yao. Namba hiyo ni asilimia ya oksijeni kwenye damu, haisemi mgonjwa anaipata kwa gharama gani. Hesabuni pumzi zake kwa dakika nzima, na muulize mashine imewekwa asilimia ngapi.

Madaktari wana hesabu yake: namba ya kidoleni hugawanywa kwa kiwango cha oksijeni kilichowekwa kwenye mashine, kisha kwa idadi ya pumzi. Tuseme 92, oksijeni asilimia 60, pumzi 30: 92 kwa 0.6 ni 153, na 153 kwa 30 ni 5.1. Ikifika 4.88 au zaidi baada ya saa kadhaa, uwezekano wa kuhitaji mrija kooni ni mdogo. Sasa pumzi zipande ziwe 38. Kidoleni bado panasoma 92, lakini jibu limeshuka hadi 4.0.

Shingo ikivutika kila pumzi, jasho likamtoka, akashindwa kumaliza sentensi au akaanza kuchanganyikiwa, msingoje namba ibadilike. Waliochelewa kuwekewa mrija wakati njia hii imeshindikana huwa na hali mbaya zaidi kuliko waliowahi.

Anaweza kula?

Kuongea anaweza. Kula, ulizeni kwanza: anayehema mbio hupaliwa kirahisi.

Tunaweza kuipeleka nyumbani?

Kwa mgonjwa mahututi, hapana. Lita 60 kwa dakika za oksijeni tupu ni lita 3,600 kwa saa, kwa hiyo mtungi mkubwa wa lita 6,800 haumalizi saa mbili. Mashine ndogo za kuchuja oksijeni hutoa lita 5 au 10 kwa dakika.

Ataondolewa lini?

Kwa kawaida hupunguzwa kwanza kiwango cha oksijeni, kikifika asilimia 40 hivi ndipo kasi hushushwa, kisha hujaribiwa mirija ya kawaida. Pumzi zikianza tena kwenda mbio, hurudishwa palepale.