Mzee Halali Usiku: Kabla ya Kukimbilia Duka la Dawa

Malalamiko yanayoletwa katika kliniki yetu ya wazee hapa Mombasa yamebadilika sura. Zamani familia zilikuja kwa presha, sukari na magoti. Siku hizi linalotangulia ni usingizi: babu anaamka saa nane na hapati tena hata lepe, bibi anasinzia kutwa kisha usiku yu macho. Hilo peke yake lisingetufanya tuandike. Kilichotufanya tuandike ni kimfuko cha kaki. Mzee akiulizwa anatumia dawa gani, anatia mkono mfukoni mwa kanzu na kutoa kimfuko kisicho na jina lake wala jina la dawa, kimeandikwa kwa biro "1 usiku", basi. Tukivitazama vidonge vilivyomo, mara nyingi ni diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi inayolaza, au klofeniramini, dawa ya mafua na mzio ambayo watu wameigeuza ya kulalia.

Tuanze na dhana inayotuchosha zaidi, kwamba mzee hahitaji usingizi. Anauhitaji. Shirika la National Sleep Foundation la Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliweka saa 7 hadi 8 kwa aliyetimiza miaka 65, pungufu kidogo tu ya kijana. Kinachobadilika ni namna ya kulala: usingizi unakuwa mwepesi, unakatika, unakuja mapema na kuondoka mapema. Aliyelala saa tatu usiku akaamka saa kumi alfajiri amelala saa saba. Huyo hana ugonjwa wowote, amemaliza usingizi wake. Tatizo ni wanawe wanaotaka alale mpaka kupambazuke ndipo nao wapumzike.

Je, usingizi unaongeza umri? Hapa tunaomba mtusome polepole. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010 uliunganisha tafiti 16 zenye watu zaidi ya milioni 1.3. Waliolala muda mfupi walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 12, na waliolala muda mrefu kupita kiasi iliyozidi kwa asilimia 30. Haina maana kwamba kulala sana kunaua. Mara nyingi mtu anayelala saa kumi kwa siku tayari ana kitu kinachomlaza: moyo, damu kupungua, huzuni, au dawa anazomeza. Kwa hiyo msimwamshe mzee kwa nguvu kwa kuogopa takwimu. Mleteni apimwe.

Jambo lililotuvutia zaidi ni la mwaka 2024. Watafiti waliofuatilia zaidi ya watu 60,000 nchini Uingereza waligundua kwamba ratiba ya kulala na kuamka isiyoyumba ilihusiana na kuishi zaidi kuliko hata wingi wa saa zenyewe. Utafiti wa aina hii hauthibitishi chanzo, tunalisema hilo wazi. Lakini ni ushauri usiogharimu hata shilingi, na Mombasa tumerahisishiwa. Tuko karibu na ikweta, jua halichezi mbali: kati ya siku linapowahi na siku linapochelewa kuchomoza, tofauti ni kama nusu saa tu. Adhana ya alfajiri inaita karibu wakati uleule mwaka mzima, na asiyeswali anaisikia vilevile. Wazee wetu wengi wanaamka nayo bila shida. Wanapoharibu ni baadaye: kurudi kitandani hadi saa nne, kisha kailula, yaani usingizi wa mchana, inayoanza baada ya chakula na kumalizikia alasiri. Kailula ya nusu saa haina neno. Ya saa mbili ni usingizi wa usiku uliokopwa, na usiku utadai. Baada ya swala au chai, toka nje upate mwanga. Wanaotembea asubuhi pale ufukweni Mama Ngina wanafanya mambo mawili kwa mpigo, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima, mzee akiwemo, apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mzee aongeze mazoezi ya kujiweka sawa asiyumbe.

Sasa sababu za kukosa usingizi, ambazo familia hazitutajii mpaka tuulize. Kahawa tungu barazani baada ya Isha: kafeini inachukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, na kwa wengine zaidi. Miraa na muguka, ambazo wazee wanazikana mbele ya wake zao. Vidonge vya presha vya kukojoza vinavyomezwa jioni, halafu mtu anashangaa kwenda chooni mara nne. Muulize daktari kama vinaweza kuhamia asubuhi. Sukari isiyodhibitiwa nayo hukojoza. Kukoroma kunakokatika ghafla, kimya, kisha mtu anashtuka kama aliyekabwa, ni hali ya pumzi kusimama usingizini. Inapandisha presha na dawa ya usingizi huweza kuizidisha. Joto la kaskazi. Kufiwa. Mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilika kwa wengi, na saa za dawa zipangwe na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Na kelele. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango katika makazi ni desibeli 35. Mwenye shughuli itakayozidisha kelele anatakiwa awe na leseni, nayo haizidi siku saba. Ukilalamika, andika mahali, tarehe, saa ilipoanza na ilipokoma, na aina ya kelele, upeleke NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, au ofisi ya mazingira ya kaunti. "Wanapiga muziki kila siku" haimsaidii ofisa yeyote.

Turudi kwenye kimfuko. Diazepam hukaa siku kadhaa katika mwili wa mzee, ikijumlishana. Anaamka usiku kwenda haja, giza, miguu haina nguvu, anaanguka. Nyonga ikivunjika, tafiti nyingi za nje zinaonyesha karibu mmoja kati ya watano, au zaidi, hamalizi mwaka. Klofeniramini nayo huleta kuchanganyikiwa na mkojo kuziba, hasa kwa mwanamume ambaye tezi dume yake imevimba. Kisha tunaambiwa babu ameanza kusahau, au amechezewa kwa uchawi. Hajachezewa na mtu. Ni dawa.

Diazepam haiuzwi bila cheti cha daktari. Cheti kamili kina jina na umri wa mgonjwa, tarehe, jina la dawa, kipimo, idadi ya siku, jina na sahihi ya aliyeandika. Dawa za kundi hili huingizwa katika daftari la duka, na leseni ya mwaka husika hubandikwa ukutani paonekane. Duka linalokata vidonge hivi kwa mkasi na kukupa mkononi bila cheti limevunja sheria. Mwenye duka anaweza kushtakiwa na kupokonywa leseni. Malalamiko hupelekwa Bodi ya Famasia na Sumu. Tunza kimfuko, ni ushahidi.

Aliyekwisha zoea diazepam asiikate ghafla nyumbani. Mwili unaweza kuitikia kwa kutetemeka, hata kifafa. Inapunguzwa kidogo kidogo chini ya daktari.

Anzeni zahanati au kituo cha afya cha karibu. Aliyejisajili SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, kwa kitambulisho kupitia *147#, hatozwi kwa huduma za msingi huko hata kama hajaanza kulipa michango. Wengi hubaki nyumbani kwa kutojua hilo. Njooni na dawa zote katika mfuko mmoja, za mitishamba pia, na karatasi ya wiki mbili yenye saa ya kulala, ya kuamka, na kila mara alipokwenda chooni. Na aje anayelala naye chumba kimoja, maana mkoromaji hajisikii.