Kura ya Nauru: jina moja nambari moja, na kila nambari ina thamani yake

Aliyezoea kuweka alama ya vema mbele ya jina moja atashangaa akishika karatasi ya kura ya Nauru. Katika kisiwa hiki cha Pasifiki, chenye kilomita za mraba 21, kupiga kura ni lazima kwa mujibu wa sheria, na mpiga kura hupanga wagombea wote wa jimbo lake: 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, mpaka wa mwisho. Ukiruka nambari, ukiirudia, au ukimwacha hata mmoja bila nambari, kura imeharibika.

Mpango huu ulianza 1971 na unaitwa Dowdall, jina la Desmond Dowdall aliyeubuni. Nambari 1 humpa mgombea kura nzima, nambari 2 nusu, nambari 3 theluthi, nambari 4 robo, na kuendelea hivyo. Hakuna anayeondolewa katikati ya hesabu, wala kura haihamishwi kwa mwingine. Sehemu zote hujumlishwa, na wenye jumla kubwa ndio washindi.

Tuchukue mfano wa kubuni: jimbo la viti 2, wagombea 4, kura 100. A amewekwa wa kwanza na watu 40, lakini wote 60 waliobaki wamemweka mkiani. Anapata 40 na robo ya 60, jumla 55. B ni wa kwanza kwa watu 15 tu, ila 85 wamempa nafasi ya pili: 15 na 42.5, yaani 57.5. Anaongoza. C ana nafasi za kwanza 30, mara mbili ya B, lakini akijumlishiwa 15 za pili, 35 za tatu na 20 za nne anafikia 54.17. Amekosa kiti kwa chini ya pointi moja, na hapo ndipo mgombea wa Nauru anapojua kwa nini alipaswa kubisha hodi hata kwa familia ya mpinzani wake.

Wabunge ni 19 kutoka majimbo 8: Ubenide viti 4, Meneng 3, mengine mawili mawili. Cha tatu cha Meneng kiliongezwa 2013, na sababu yake inajulikana. Bunge la watu 18 lilikuwa limegawanyika 9 kwa 9 mwaka 2010. Uchaguzi wa Aprili haukuleta suluhu, wa Juni nao vivyo hivyo, na Rais akapatikana Novemba.

Rais hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Wabunge humchagua miongoni mwao, na kwa kuwa vyama havina nguvu, kambi hujengwa na kuvunjika kirahisi. Kura 10 za kutokuwa na imani zinatosha kumwondoa pamoja na mawaziri wake, kama ilivyomkuta Russ Kun Oktoba 2023. Siku 7 zikipita bila mrithi, Bunge lenyewe linavunjwa.