Boneti ya faiba si marufuku kwa kuwa tu ni faiba

Katika makundi ya wenye magari huzunguka ujumbe unaodai kwamba boneti ya faiba, yaani plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ni marufuku barabarani. Sivyo. Chevrolet Corvette, gari la kispoti la Marekani, imekuwa ikiuzwa na bodi ya aina hiyo tangu 1953, na nchini Uingereza, kwa mfano, ukaguzi wa magari hutazama kama boneti inafunga imara, si kama ni ya bati. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo.

Mkanganyiko, nadhani, unatokana na boneti nyepesi za mashindano, nyingine zikiwa hazina loki bali hushikwa kwa pini tu. Pini zikichomoka, upepo huifunua boneti na kuibamiza kwenye kioo cha mbele, dereva asione mbele. Ni kweli pia kwamba bati hujikunja linapogongwa ilhali faiba hupasuka, hivyo ubora wa kazi una uzito.

Kagua mwenyewe: mulika kwa tochi mahali bawaba na loki zilipofungiwa, maana ndipo nyufa nyembamba kama unywele huanzia, kisha fyatua loki kutoka ndani ya gari uone kama ndoano ya pili bado inaizuia boneti isifunuke.