Thredi ya nyuma haiharakishi mtandao

"Programu iko slo, itupie kwenye thredi ya nyuma." Ushauri huu unasikika kila wanapokutana watu wanaoandika programu za madirisha. Safari hii umeniudhi kiasi cha kuandika, kwa sababu aliyepewa alikuwa mwanafunzi mwenye programu ya kuonyesha takwimu za ruta. Aliufuata, kisha akakaa akishangaa kwa nini takwimu hizo bado zinachukua muda uleule kufika. Alidhani amekosea msimbo. Msimbo wake ulikuwa sawa. Maana aliyopewa ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Maana yenyewe ni fupi. Thredi ni mfululizo wa maagizo ambao mfumo endeshi unaupa zamu yake kwenye prosesa. Programu moja inaweza kuwa na thredi nyingi, zote zikitumia kumbukumbu ileile. Thredi ya nyuma ni ile isiyoshughulika na dirisha: haichori wala haipokei mbofyo wa kipanya, bali inafanya kazi nyingine huku thredi kuu ikiendelea na mtumiaji. Wanaotumia .NET, jukwaa la Microsoft la kuandikia programu, wana maana nyingine ya ziada, kwamba ni thredi isiyozuia programu kufungwa, na Python huiita hiyo daemon. Hiyo tuiweke kando.

Kwa nini basi dirisha linaganda? Maktaba za kutengenezea madirisha, kama Tkinter ya Python, Qt, Swing ya Java na GTK, zote zina thredi kuu inayozunguka bila kukoma. Inachukua tukio lililo mbele kwenye foleni, inalishughulikia, inachukua linalofuata. Kubofya kitufe ni tukio, kusogeza dirisha ni tukio, hata dirisha kujichora upya ni tukio. Ukiweka ndani ya mzunguko huo ombi la kwenda kwenye seva, na jibu likachukua sekunde 3, kwa sekunde hizo 3 hakuna kitufe kitakachoitika. Windows hulihesabu dirisha kuwa limekwama likipitisha sekunde 5 bila kuchukua ujumbe kwenye foleni yake. Hapo ndipo linapofifia na kichwa chake kuongezewa maneno kwamba halijibu. Mtumiaji anadhani programu imekufa, anaifunga kwa nguvu, na kazi aliyokuwa hajaihifadhi inapotea. Kumbe ilikuwa inasubiri tu.

Neno la kushika ni hilo: kusubiri. Ombi la mtandao likiwa njiani, prosesa yako haina kazi ya kulifanyia. Muda unaliwa na nyaya, na minara, na foleni iliyoko kwenye seva ya upande wa pili. Kama ruta inajibu baada ya milisekunde 800, itajibu baada ya milisekunde 800 hata ukiunda thredi ishirini za kuiuliza. Muuza duka anayemtuma kijana stoo hafupishi njia ya kwenda stoo. Anapata nafasi ya kuendelea kuwahudumia waliosimama kaunta.

Kwa hiyo kuna vipimo viwili, na ushauri ule unavichanganya. Kimoja ni muda kati ya kuuliza na kupata data. Kingine ni muda kati ya mtumiaji kubofya na dirisha kuitika. Thredi ya nyuma inatibu cha pili. Cha kwanza inakiacha kama ilivyokikuta, na mara nyingine inakiongezea kidogo, kwa kuwa data sasa inapitia mikono miwili kabla ya kuonekana.

Kuna hali moja ambapo muda hupungua kweli, na ni haki kuitaja. Ukiwa na ruta kumi za kuulizwa, ukiziuliza moja baada ya nyingine utasubiri jumla ya zote. Ukizipa kila moja thredi yake, utasubiri kadiri ya iliyo nzito kuliko zote. Hapo faida imetokana na kusubiri kwa pamoja, si kwa sababu ombi lolote limekwenda mbio. Na ukiwa na Qt, huhitaji hata thredi kwa kazi hiyo: QNetworkAccessManager, chombo chake cha mtandao, inatuma ombi na kurudi papo hapo, na jibu likifika linakuja kama tukio jingine kwenye mzunguko uleule mkuu. Kutogandisha dirisha na kutumia thredi ya nyuma ni mambo mawili tofauti. La pili ni njia mojawapo tu ya kulifikia la kwanza.

Wa Python wana tofauti nyingine ya kuzingatia. Python ya kawaida ina kufuli moja kubwa, GIL, linaloruhusu thredi moja tu kuendesha msimbo wa Python kwa wakati mmoja. Thredi inaposubiri soketi, yaani mlango wa programu kwenye mtandao, hulilegeza kufuli hilo, ndiyo maana kwa kazi za mtandao thredi za Python zinafaa kabisa. Lakini kama kinachogandisha dirisha ni hesabu nzito, mathalani kupanga upya jedwali la safu laki moja, thredi yako ya nyuma itagombania kufuli na thredi kuu, wakipokezana kila milisekunde 5 hivi. Dirisha halitaganda kabisa, litakuwa linakwamakwama, na hesabu itachukua muda mrefu kuliko mwanzo. Tangu Python 3.13, iliyotoka mwaka 2024, kuna toleo lisilo na GIL, lililoanza kama la majaribio, ila wengi bado wanatumia lile la kawaida.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi kuliko suala la kasi: watu kudhani kwamba thredi ya nyuma, ikishapata data, inaweza kuiandika yenyewe kwenye lebo au grafu. Thredi inayogusa dirisha imeacha kuwa ya nyuma kwa maana tuliyoisema, hata kama uliianzisha ukiiita hivyo.

Maktaba za madirisha zinaikataza thredi ya nyuma kugusa dirisha, na katazo hili si uvivu wa waliozitengeneza. Walijaribu. Mwaka 2004 Graham Hamilton wa Sun Microsystems, mmoja wa waliokuwa wakiongoza Java, aliandika akieleza kwa nini ndoto ya maktaba ya madirisha inayoguswa na thredi yoyote ilikuwa imeshindikana mara kwa mara. Hoja yake inaeleweka ukifuata mwelekeo wa safari. Mbofyo wa kipanya unaanzia chini, kwenye mfumo endeshi, na kupanda tabaka kwa tabaka hadi kwenye msimbo wako. Agizo la kuchora linaanzia juu, kwenye msimbo wako, na kushuka hadi kwenye mfumo endeshi. Ukiweka kufuli kwenye kila tabaka ili thredi zisigongane, anayepanda atashika la chini kisha aombe la juu, na anayeshuka atashika la juu kisha aombe la chini. Siku moja watakutana katikati, kila mmoja ameshika anachokihitaji mwenzake, na hakuna atakayeachia. Swing iliamua kwamba thredi moja tu ndiyo yenye dirisha, na nyingine zipeleke maombi yao kwenye foleni yake kwa amri ya invokeLater. GTK ilikuwa na kufuli la kuruhusu thredi nyingine ziguse madirisha, lakini tangu toleo la 3.6 la mwaka 2012 limewekwa kwenye orodha ya vitu vya kuachwa. WPF, maktaba ya madirisha ya Microsoft, hurusha hitilafu ukijaribu. Qt inasema wazi kwamba vitu vya dirisha vinakaa kwenye thredi kuu, na ukikaidi, programu inaweza kuanguka leo au baada ya wiki mbili, ikiwa mezani kwa mteja.

Tkinter ndiyo inayowapoteza wengi, kwa sababu mara nyingi inakubali. Thredi ya nyuma ikiita badiliko kwenye lebo, Tkinter hulipeleka ombi hilo kwa thredi yenye Tcl, lugha ambayo Tkinter imejengwa juu yake, na kuisimamisha iliyoita mpaka ijibiwe. Unajaribu mara moja, lebo inabadilika, unahitimisha kwamba inaruhusiwa. Kisha mtumiaji anafunga dirisha. Wewe, kwa nia njema, umeandika kwamba wakati wa kufunga thredi kuu iite join ili kungoja thredi ya nyuma imalize. Thredi kuu inaingoja ya nyuma imalize. Ya nyuma inaingoja kuu ibadilishe lebo. Programu haifungiki tena, na hakuna hitilafu yoyote iliyoandikwa popote ya kukuonyesha pa kuanzia. Mara nyingine, kama mzunguko mkuu umeshakoma, utapata RuntimeError ikilalamika kwamba thredi kuu haiko kwenye mzunguko wake, na huyo aliyepata hitilafu ndiye mwenye bahati.

Njia iliyonyooka ni foleni. Thredi ya nyuma inasoma mtandao na kutia matokeo kwenye queue.Queue, foleni ya Python iliyo salama kwa thredi nyingi, basi. Thredi kuu, kwa kutumia after, amri ya Tkinter ya kupanga kazi ya baadaye, inaamka kila milisekunde 100, inatoa kilichomo kwa get_nowait bila kusubiri, inachora, inajipangia kuamka tena. Kwenye Qt, ishara, yaani taarifa ambayo kitu kimoja hukipelekea kingine, inayovuka kutoka thredi moja kwenda nyingine hupangwa foleni yenyewe, ingawa hapo kuna mtego wake: kitu cha QThread, kinachowakilisha thredi, kinaishi kwenye thredi iliyokiunda, kwa hiyo ukirithi QThread na kuweka vipokezi vya ishara humo ndani, vitaendeshwa kwenye thredi kuu wakati ukiamini viko nyuma. Unda kitu tofauti cha kufanya kazi, ukihamishie kwenye thredi ya nyuma kwa moveToThread.

Foleni nayo inataka adabu. Skrini nyingi hujichora mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7. Ukipeleka ishara kwa kila pakiti, yaani kila kipande cha data kinachopita mtandaoni, na pakiti ni maelfu kwa sekunde, matukio yanarundikana haraka kuliko yanavyoshughulikiwa, na dirisha linaonyesha mambo ya nusu dakika iliyopita huku kila mtu akiamini anatazama laivu. Kusanya, kisha peleka kwa mafungu; kwa kipimo kama kasi ya sasa, chukua cha mwisho na uyatupe yaliyotangulia. Tazama Wireshark, programu ya kuchunguza pakiti iliyoanzishwa na Gerald Combs mwaka 1998 kwa jina la Ethereal. Dirisha lake halikamati pakiti hata moja. Kazi hiyo inafanywa na programu nyingine kabisa, dumpcap, inayoziandika kwenye faili na kulijulisha dirisha kupitia bomba, njia ya programu mbili kupashana habari, kwamba kuna pakiti mpya kadhaa; dirisha nalo linakwenda kuzisoma kwenye faili. Walikwenda hatua moja mbele ya thredi kwa sababu ya usalama pia: kukamata pakiti kunahitaji mamlaka makubwa kwenye kompyuta, na ni salama zaidi mamlaka hayo yawe mikononi mwa programu ndogo.

Tukifika kwenye neno laivu, kuna madhara ambayo ushauri ule hauyataji kamwe. Dirisha lililokuwa likiganda lilikuwa na ukweli mmoja: mtandao ukikatika, uliona. Ukishaweka thredi ya nyuma, mtandao unaweza kukatika na dirisha likabaki linang'aa, vitufe vinaitika, na namba ya megabiti 42 imekaa palepale tangu asubuhi. Soketi za Python kwa kawaida hazina kikomo cha kusubiri, na requests, maktaba ya Python ya kutuma maombi ya wavuti, nayo haikuwekei kikomo usipokitaja mwenyewe. Thredi yako inaweza kuwa imekaa kwenye recv, amri ya kupokea data, tangu saa tatu, na hakuna wa kuijua hali yake. Kwa hiyo weka kikomo, tia kwenye foleni habari za kushindwa kama unavyotia za kufaulu, na pembeni ya namba onyesha ilisomwa lini.

Saa hiyo ya kusoma iandikwe na thredi ya nyuma, papo hapo jibu linapofika. Kasi ya mtandao hupatikana kwa kutoa idadi ya baiti za usomaji uliopita kwenye za sasa, kisha kugawa kwa muda uliopita kati yake. Ukipima muda huo kwenye thredi kuu, wakati wa kuitoa namba kwenye foleni, utakuwa umepima zamu za dirisha lako, na grafu itapanda na kushuka bila mtandao kubadilika. Tumia time.monotonic, saa ya Python isiyorudi nyuma, kwa sababu saa ya kawaida ya kompyuta inaweza kurekebishwa katikati ya vipimo viwili.

Yule mwanafunzi hakuhitaji kuandika upya chochote. Nilimwomba abadilishe sentensi moja kwenye maelezo ya programu yake. Aliandika kwamba data inasomwa kwenye thredi ya nyuma ili ije haraka. Sasa iseme inasomwa huko ili dirisha liendelee kuitika wakati data inasubiriwa. Kisha aongeze kikomo cha sekunde 5 kwenye ombi lake la ruta. Na mwenzetu aliyempa ushauri, siku nyingine akiambiwa programu iko slo, aanze kwa kuuliza: slo kufanya nini, kuleta data au kuitika?